KADI YA MICHORO NA KIWAMBO: JIFYA MOJA HALIINJIKI CHUNGU

Leo nimeishika kalamu ili nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulijadili bwenini kila usiku baada ya taa kuzimwa, ila tunalijadili kwa mdomo tu wala si kwa ujuzi. Jambo lenyewe ni namna ya kuchagua kadi ya michoro na kiwambo cha tarakilishi ya kuchezea michezo, kwa mtu ambaye mfuko wake si mzito.

Najua wapo walimu watakaokunja nyuso na kuuliza, "Michezo ya kompyuta tena?" Ninawaomba radhi na kuwasihi wanisikilize hadi tamati. Kwanza, kadi hiyo hiyo ya michezo ndiyo humsaidia mtu kuhariri video na kuchora ramani za majengo. Pili, humu mna fizikia na hesabu tunazofundishwa darasani. Tatu, jambo hili lilitufika nyumbani likatutoa jasho, na wahenga hawakukosea waliposema kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye.

YALIYOTUKUTA

Kaka yangu alipomaliza Kidato cha Nne alikaa nyumbani karibu mwaka mzima akitafuta kazi asiipate. Mama ana kibanda cha mboga sokoni, na kando yake palikuwa na chumba kidogo kisichotumika. Kaka akapata wazo: aweke tarakilishi humo, vijana waje kucheza kandanda na mbio za magari kwa kulipia. Mama akalipeleka wazo hilo kwenye chama chao cha akina mama, akakopeshwa shilingi 30,000, awe akirudisha 3,000 kila mwezi pamoja na riba kidogo. Siku alipomkabidhi kaka zile pesa alimwambia, "Mwanangu, hizi si zangu. Ni za akina mama kumi na wanane. Ukizipoteza, nitawatazama vipi?"

Kaka akapanda matatu alfajiri kwenda Nairobi. Usiku alirudi na kompyuta nyembamba ya ofisini, mtumba, aliyoinunua kwa 13,000, kiwambo cha zamani cha 4,500 na kadi ya michoro ya 9,500. Kwenye boksi la kadi paliandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. Tukashangilia kama watu walioshinda ligi.

Lo! Furaha yetu haikufika hata saa sita za usiku. Kadi ilikuwa ndefu kuliko kasha, mfuniko ukakataa kufunga. Tukaiacha kompyuta wazi. Mchezo mpya wa kandanda ukakataa kabisa kufunguka. GTA V ulifunguka, lakini magari yalikwenda kwa kugugumia, yakisimama na kuruka kama mkanda wa filamu uliokatika. Kaka akapiga simu dukani asubuhi. Akajibiwa, "Bwana, bidhaa ikishatoka mlangoni hatuijui tena." Mwezi wa kwanza ukaisha bila hata shilingi moja kuingia, na Mama akalipa deni la chama kwa pesa za sukuma wiki.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kusoma na kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Haya nitakayoyasema ndiyo niliyoyapata.

KADI YA MICHORO NI KITU GANI?

Chukua mfano huu. Mwalimu mkuu ameamua ukuta mzima wa bwalo upakwe rangi, kijisanduku kimoja kimoja, kila kimoja na rangi yake. Anaweza kumpa kazi hiyo mwalimu mmoja hodari wa sanaa. Atapaka vizuri, lakini atachukua wiki. Ama anaweza kuwaita wanafunzi mia saba, kila mmoja apake kijisanduku chake kwa wakati mmoja. Hawana ujuzi wa yule mwalimu, lakini kazi ni rahisi na mikono ni mingi.

Prosesa ya kompyuta ndiye yule mwalimu: viini vyake ni vichache, vinne au sita hivi katika kompyuta za kawaida, lakini kila kimoja ni hodari. Kadi ya michoro ndiyo ile halaiki ya wanafunzi. GTX 1050 Ti halisi, iliyotoka mwaka wa 2016, ina viini vidogo 768. Kazi yao ni kupaka nukta za rangi kwenye kiwambo, na nukta hizo huitwa pikseli.

Sasa tupige hesabu. Kiwambo cha kawaida cha leo kina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Zidisha: ni pikseli 2,073,600. Ili macho yaone mwendo laini, picha nzima inafaa kubadilishwa mara 60 kwa sekunde. Zidisha tena: ni pikseli 124,416,000 za kupakwa kila sekunde, na kila moja ina hesabu zake za mwanga na kivuli. Usistaajabu basi kompyuta ya ofisini isiyo na kadi inapolemewa.

Kadi pia ina kumbukumbu yake yenyewe ya kuhifadhia picha za majengo, nyasi na nyuso za wachezaji. Gigabaiti 2 hazitoshi kwa michezo mingi ya miaka hii. Gigabaiti 4 zitakusukuma kwa mipangilio ya chini au ya kati, na 8 zitakupa nafasi ya kupumua. Ila usidanganyike kwa ukubwa wa kumbukumbu peke yake, kwani kasi yake ni muhimu vile vile. GT 1030 ni mfano mzuri. Ya kwanza, ya mwaka wa 2017, ilikuwa na kumbukumbu aina ya GDDR5 ipitishayo gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka wa 2018 ikatolewa nyingine ya jina lilo hilo, lakini yenye kumbukumbu aina ya DDR4, ambayo hupitisha takriban 17 tu. Jina moja, ukubwa mmoja wa gigabaiti 2, na moja inaachwa nyuma mbali sana na mwenzake. Asiyesoma maandishi madogo ya boksi atauziwa mbuzi kwenye gunia.

ANZA NA MCHEZO, KISHA KIWAMBO, NDIPO UENDE KWENYE KADI

Wengi huanza na kadi. Wakishainunua ndipo huulizana wataitumia kwa nini. Huku ni kununua nira kabla ya kumjua ng'ombe.

Anza kwa kujiuliza: nitacheza nini? GTA V, uliotoka kwenye kompyuta mwaka wa 2015, huridhika na kadi ndogo. Valorant wa mwaka wa 2020 ni mwepesi pia. FIFA 23, uliotoka mwaka wa 2022, ulitaka kadi isiyopungua GTX 1050 Ti au RX 570. Kila mchezo huandikiwa mahitaji yake ya chini na yale yanayopendekezwa. Soma yale yanayopendekezwa, kwa sababu yale ya chini maana yake ni kwamba mchezo utafunguka tu, si kwamba utaufurahia.

Halafu tazama kiwambo, kwani ndicho kinachoamua ukubwa wa shamba ambalo kadi italima. Kiwambo cha 1366 kwa 768 kina pikseli milioni moja na kidogo. Cha 1600 kwa 900 kina 1,440,000. Cha 1920 kwa 1080 kina milioni mbili na ushei. Cha 2560 kwa 1440 kina 3,686,400, na kile cha 3840 kwa 2160 kina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya kile cha 1080. Ng'ombe ni yule yule, shamba limekuwa mara nne. Je, utashangaa akipiga magoti?

Kwa hiyo ndugu msomaji mwenye pesa kidogo, usiwaonee gere wenye viwambo vikubwa vikubwa. Kiwambo cha 1920 kwa 1080, inchi 22 hadi 24, ndicho kinachokufaa. Ukivuka hadi inchi 27 kwa pikseli zile zile, nukta zinaanza kuonekana kubwa kubwa kwa mtu aliyekaa karibu. Na ikiwa kadi yako ni dhaifu, kiwambo cha 1600 kwa 900 si aibu. Kina pikseli chini kwa thuluthi moja hivi kuliko cha 1080, na kadi itakushukuru.

MAMBO YA KUANGALIA KATIKA KIWAMBO

La kwanza ni hezi, yaani kiwambo hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Kiwambo cha hezi 60 hukaa na picha moja kwa takriban milisekunde 17. Cha hezi 75 ni takriban 13, na cha 144 ni takriban 7. Wapigaji risasi katika Counter-Strike 2 huipenda sana 144, kwa kuwa wanamwona adui mapema kidogo. Lakini fahamu hili: kiwambo cha hezi 144 hakina faida yoyote kama kadi yako inatoa picha 45 kwa sekunde. Ni sawa na kununua debe la lita ishirini ilhali mfereji unatoa matone. Aidha, kuna watu wenye viwambo vya 144 ambao hawajawahi kuiona hiyo 144, kwa sababu Windows mara nyingi huanza na 60 mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio ya kiwambo aibadilishe.

La pili ni aina ya kioo. Kuna TN, ambacho ni cha kasi na rahisi, lakini ukikitazama kutoka kando au kutoka chini rangi zinachujuka. Kuna IPS, chenye rangi nzuri na kinachoonekana vyema kutoka pande zote. Halafu kuna VA, ambacho weusi wake ni mweusi hasa, ila baadhi yake huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokwenda kasi gizani. Mahali ambapo watu wawili au watatu wanakaa pamoja mbele ya kiwambo kimoja, kama kwenye chumba cha kaka yangu, IPS ndicho bora. Akikaa mtu kando asione vizuri, atadai arudishiwe pesa zake.

La tatu ni matundu ya nyuma, na hapa ndipo wengi huumia. Viwambo vingi vya mtumba kutoka maofisini vina tundu la VGA, lile la buluu lenye vijitundu kumi na vitano. VGA ni njia ya zamani ya kupitisha picha kwa mawimbi ya analogi. Kadi za NVIDIA za kizazi cha GTX 1050 na kuendelea haziwezi zenyewe kutoa mawimbi hayo. Zinatoa picha ya kidijitali kupitia HDMI, DisplayPort au DVI. Kile kichwa cha bei ya chini cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitafanya kazi, kwa sababu kinaunganisha waya tu. Unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, cha kutoka HDMI hadi VGA. Si ghali, ila lazima ukiweke kwenye bajeti mapema.

La nne ni kukagua kiwambo cha mtumba kabla ya kulipa. Omba kifunguliwe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu, kijani na buluu. Kwenye nyeupe utaona nukta zilizokufa na madoa, na kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Kiache kiwake dakika ishirini, maana kuna vingine huwa vizuri vikiwa baridi na kuanza kupepesa vikipata joto. Angalia kama kina mguu wake. Uliza kama kina spika, kwa kuwa vingi havina.

Je, televisheni ya nyumbani yaweza kutumika? Naam, bora iwe na HDMI. Lakini televisheni nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko huchukua muda. Unabonyeza kupiga mpira, mchezaji anapiga baadaye kidogo. Tafuta kwenye mipangilio hali ya mchezo uiwashe, ucheleweshaji utapungua.

MAMBO YA KUANGALIA KATIKA KADI

Ukishajua mchezo na kiwambo, sasa ingia kwenye kadi. Lakini kabla ya kuitazama kadi, itazame kwanza kompyuta utakayoitia.

Kompyuta nyingi tunazonunua sisi watu wa kipato cha chini ni za ofisini zilizotumika ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni imara, na bei yake inaeleweka. Tatizo ni kwamba zinakuja kwa maumbo tofauti. Kuna zilizo pana kama mnara mdogo, kuna nyembamba, na kuna zilizo ndogo kama kitabu. Ile ya kitabu haina nafasi ya kadi kabisa. Nyembamba huhitaji kadi za kimo kifupi peke yake. Mnara hupokea kadi ya kimo cha kawaida, bora upime urefu wake ndani kwa rula. Kaka alinunua nyembamba kwa kuwa ilipendeza na ilikuwa nyepesi kubeba kwenye matatu. Laiti angechukua ya mnara!

Baada ya nafasi huja umeme. Tundu la kadi lililo kwenye ubao mkuu wa kompyuta linaruhusiwa kutoa hadi wati 75, ingawa baadhi ya kompyuta nyembamba hutoa chini ya hapo. Kadi inayozidi wati 75 huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai: wa pini sita huongeza wati 75, wa pini nane huongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo. Tena pawa saplai zake mara nyingi huwa na umbo na plagi za kipekee, hivyo huwezi kununua nyingine yoyote dukani ukaichomeka.

Tupige hesabu tena. Tuseme pawa saplai ni ya wati 240. Prosesa ya Core i5-4590 imepimwa kwa wati 84. Ukiongeza kadi ya wati 75 unapata 159, na vitu vingine vyote havifiki 80. Uko salama. Sasa weka RX 580 ya wati 185 badala yake. 84 na 185 ni 269, hata kabla hujahesabu feni na diski. Kompyuta itajizima katikati ya mchezo, au mbaya zaidi, pawa saplai itaungua.

Kadi ambazo hazihitaji waya wa ziada, na ambazo zinapatikana pia kwa kimo kifupi, ni hizi: GT 1030 ya wati 30, GTX 1050 Ti ya wati 75, GTX 1650 ya mwaka wa 2019 yenye wati 75, RX 6400 ya mwaka wa 2022 yenye wati 53, na RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya mwaka wa 2024, yenye wati 70. Hata hivyo tazama kadi yenyewe, kwani baadhi ya watengenezaji wa GTX 1650 waliiongezea plagi ya pini sita. Tena RX 6400 ina kasoro yake: hutumia njia nne tu za mawasiliano na ubao mkuu, kwa hiyo kwenye kompyuta za zamani hupoteza sehemu ya nguvu zake. Halafu haina saketi ya kurekodi video, basi mwenye kutaka kurekodi michezo yake atafute nyingine.

Kwa mwenye kompyuta ya mnara na pawa saplai nzuri, milango ni mingi zaidi. Kuna RX 570 na RX 580 za mwaka wa 2017, na kuna RX 6600 ya mwaka wa 2021 yenye gigabaiti 8 na wati 132, ambayo haina shida na kiwambo cha 1080. Ila kwenye RX 580 fungua macho. Kuna iliyotolewa mwaka wa 2018 iliyoandikwa 2048SP. Hiyo ina viini 2048, ilhali ya kawaida ina 2304. Si mbovu, lakini usilipie bei ya ile nyingine. Fauka ya hayo, kadi nyingi za aina hii zilichosha maisha yao zikichimba sarafu za kidijitali mchana na usiku. Mnamo tarehe 15 Septemba, 2022, Ethereum iliacha kutumia kadi kwa uchimbaji, na kadi nyingi zikamwagwa kwenye soko la mtumba. Nyingine zingali nzima, nyingine feni zake zimekwisha.

Na umeme wa nyumbani nani atalipa? Kadi ya wati 75 ikifanya kazi saa nne kwa siku hutumia yuniti 9 kwa siku thelathini. Ya wati 185 hutumia yuniti 22 na kidogo. Mwenye kununua tokeni ni mzazi wako, mfikirie.

KADI BANDIA: VYOTE VING'AAVYO SI DHAHABU

Sasa nirudi kwa kadi ya kaka. Fundi mmoja wa pale sokoni, mzee wa makamo anayetengeneza redio na simu, alikuja kuitazama. Jambo la kwanza alilouliza ni, "Vijana wangu, hii kadi ina VGA?" Kaka akajibu kwa furaha, "Ndiyo Fundi, ndiyo maana niliichagua, ikubaliane na kile kiwambo." Mzee akatikisa kichwa. Kumbe lile tundu lililomfurahisha kaka ndilo lililokuwa ushahidi! GTX 1050 Ti halisi haina VGA, kama nilivyokwisha kueleza.

Fundi akaweka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo huichunguza kadi ijulikane ni ipi. Tangu mwaka wa 2018 programu hiyo imekuwa na uwezo wa kutambua kadi nyingi bandia za NVIDIA, na ikiitambua huandika neno FAKE mbele ya jina. Neno hilo likatokea. Ndani ya kadi mlikuwa na kichakata cha GTS 450, kitu cha mwaka wa 2010 chenye viini 192, kilichovalishwa jina la bwana mkubwa kwa kubadilishwa programu yake ya ndani. Ndipo tukakumbuka kwamba muuzaji alimpa kaka sidii ya draiva na kumwonya, "Usitumie draiva nyingine yoyote." Bila shaka! Draiva halisi zisingeikubali kadi hiyo.

Kaka hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chumba hakina wateja, akaitazama sakafu. Mama alipoelezwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Mmejifunza. Sasa mnafanya nini?"

Ili yasikufike wewe, shika haya unapokwenda kununua:

1. Beba GPU-Z kwenye fleshi, na uombe kadi iwekwe kwenye kompyuta ukiwa hapo hapo. Muuzaji akikataa, ondoka.

2. Tazama matundu. VGA kwenye kadi inayoitwa GTX 1050 Ti ni dalili mbaya.

3. Acha kadi ifanye kazi ngumu nusu saa. Tazama kama kuna mistari au vijisanduku vya rangi vinavyotokea ovyo. Sikiliza feni. Joto likipita nyuzi 85 na bado linapanda, ina shida.

4. Tazama skrubu. Zikiwa zimechunika vichwa, kadi imefunguliwa.

5. Dai risiti iliyoandikwa jina kamili la kadi na siku za kuirudisha. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha umelipa, hauonyeshi umelipia nini.

6. Bei ikiwa ya chini kupindukia kuliko maduka mengine yote, jiulize kwa nini bahati imekuchagua wewe.

MACHACHE YA MWISHO

Kuna njia ya kukwepa kadi kabisa. Baadhi ya prosesa, kama vile Ryzen 5 5600G ya mwaka wa 2021, zina sehemu ya michoro ndani yake inayoweza kuendesha michezo myepesi. Lakini sehemu hiyo huazima kumbukumbu ya kompyuta, hivyo weka vijiti viwili vya kumbukumbu badala ya kimoja. Viwili hufungua njia mbili na mwendo huongezeka.

Pia, Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 bila malipo mnamo tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 rasmi hutaka prosesa za Intel za kizazi cha nane au zaidi. NVIDIA nayo ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba kadi za kizazi cha GTX 1050 zingeacha kupata draiva mpya za michezo baada ya Oktoba mwaka huo, zibaki na marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo kama unaanza upya leo na unaweza kungoja miezi michache uongeze akiba, ngoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena ukishafunga kila kitu, hakikisha waya wa kiwambo umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la ubao mkuu. Usicheke! Mwenzetu mmoja wa darasa hili alitumia kompyuta yake mwezi mzima akilalamika kwamba kadi ni dhaifu, kumbe kadi ilikuwa imelala usingizi mle ndani.

Sisi je? Kaka aliuza simu yake, nami nikauza sungura wangu wote isipokuwa mmoja. Tulipata 11,000. Safari hii tulikwenda wawili, na GPU-Z mfukoni. Maduka mawili yalikataa tuijaribu, la tatu likakubali. Tukanunua GTX 1050 Ti halisi ya kimo kifupi, ya mtumba, pamoja na kigeuzi cha HDMI hadi VGA. Kile kiwambo cha zamani cha 1600 kwa 900 tulichokidharau kikatuokoa, maana kadi ilikiendesha bila kuhema. Mchezo wa kandanda ukafunguka, mfuniko ukafunga. Chama cha akina mama kililipwa deni lao lote, ingawa miezi mitatu ya kwanza ilitoka kwenye mboga za Mama, na hilo kaka hajalisahau. Ile kadi bandia ameitundika ukutani, juu ya kiwambo. Wateja wakimuuliza ni ya nini, huwajibu, "Hiyo ni karo niliyolipa."

Basi mpenzi msomaji, mchezo, kiwambo na kadi ni mafya matatu. Ukikosea moja, chungu kitamwagika, na huenda uji uliomo si wako peke yako. Nakomea hapo kwa leo. Mwenye swali anitafute maktabani siku ya Ijumaa baada ya mkutano wa chama. Wabillahi Taufiki.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.